Muulize Yaya: Basiketi ziko chini ya kitanda

Jambo Yaya. Miye niko msomaji wenu wa siku mingi, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi, niko na miaka 38, kazi yangu ni ya kiti, naandikaka mizigo yenye inaingia na kutoka ku depo moja ya mjini toka asubui mpaka jioni. Mwaka jana nilikuwa muntu wa sipori, usicheke, ni ukweli. Tulikuwa na ekipe ya futingi, batu kama 20, kila siku ya Mungu saa 11 na nusu ya asubui tunatoka tukiimba, tunafanya kilometa 8, tunarudia jua limeshapanda, na katikati ya juma nilikuwa nakimbiaka tena mara 2 peke yangu. Mwezi wa 6 baridi ikaingia nikasema nipumzike juma moja. Juma likaisha malaria ikanikamata. Malaria ikaisha bibi yangu akazaa mapacha, aksanti Mungu, lakini usingizi ikahama mu nyumba. Kuja kushtuka ni miezi 8, kilo 9 zimeongezeka, nikiinama kufunga kamba ya kiatu napumua sawa muntu mwenye amebeba saki ya makala.

Nilijaribu kurudia mara 2. Ya kwanza nilikimbia kilometa 8 zote siku moja, juu nilitaka kuona kama bado niko miye, kisha siku 3 nilikuwa nashuka ku taksi kinyume-nyume, batu ya kazi wakacheka, nikaacha. Ya pili ni mwanzo wa mwaka huu, nililipa sale ya sipori miezi 3, nikaenda mara 4. Nilinunua na basiketi mpya, viatu vya kukimbia, ziko chini ya kitanda, mtoto wangu mkubwa anatiamo tumagari twake. Na ile ekipe ingali inapita mbele ya kwetu kila siku ya Mungu, wakienda na wakirudia, nikisikia nyimbo zao nafunga rido. Usiku naangaliaka video za motivasio ku telefoni, usiku niko simba, asubui niko bukari ya jana. Yaya, hamu yangu ilipotelea wapi na nitaiokota wapi?

Msomaji, Katuba

Mudogo wangu, pongezi kwa mapacha na pole ya usingizi. (Uliposema usiku uko simba sikujua kama ni ile ya porini ao ile bia ya chupa, lakini tupite.)

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nilikwama pale pa rido. Muntu mwenye hana hamu kabisa hafungi rido, anakaa tu, anakunywa chai yake, ekipe inapita kama vile malori yanapita, haimuhusu. Wewe unafunga juu bado unataka, ila unaona haya wakuone na hizo kilo 9. Kwa hiyo kwa maoni yangu hamu haikupotea, iko hapo hapo nyuma ya rido, imefunikwa na aibu, na ukiendelea kuitafuta ndani ya telefoni saa 5 ya usiku utatafuta mpaka mapacha waanze shule.

Tuanze na mwili kwanza maana naona unaushtaki bure. Muntu akiacha kukimbia, kitu cha kwanza chenye kinashuka ni pumzi. Ndani ya majuma 2 hivi maji ya damu yanaanza kupunguka, moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, kwa hiyo lazima upige haraka zaidi kwa kazi ile ile, njo maana kamba ya kiatu imekuwa mlima. Nguvu za misuli zenyewe zinakawia kutoka, na habari nzuri ni kwamba misuli yenye ilishafanya kazi hapo mbele inarudi haraka kupita ya muntu mwenye hakuwahi kufanya sipori maisha yake yote. Sasa wewe ulifanya nini? Ulichukua pumzi ya muntu mpya ukaipa kilometa 8 za muntu wa zamani. Yale maumivu ya kushuka taksi kinyume-nyume ni ya kawaida kabisa, misuli ikishtuliwa na kazi yenye haikuzoea inachanika tuchaniko tudogo sana, inaumaka zaidi siku ya pili ao ya tatu kupita siku yenyewe, kisha inapona na inakuwa imara. Haikuwa mwili unakukataa. Lakini najua vile kichwa kinafanyaka, kinachukua yale maumivu na kicheko cha wenzako wa kazi kinafunga dosie: mimi nimeisha.

Angalia hata wale wa Mazembe. Ekipe yenye ilifika finali ya kombe la dunia la vilabu mwaka 2010 kule Abu Dhabi, kipa wao Kidiaba akarukaruka kwa matako mpaka dunia nzima ikamjua, nao wakitoka likizo kochi hawatupi ku mechi siku ya kwanza. Ni majuma ya kujiandaa, wanaanza polepole, na wengi wao ni vijana wa miaka 20 na kitu wenye kulipwa mshahara kwa hiyo kazi, hawaamushwi na mapacha saa 8 ya usiku. Wewe ulitaka kurudia bila hata siku moja ya kujiandaa.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja kigumu, kigumu kupita kukimbia: yule muntu wa kilometa 8 umuweke pembeni kwa miezi 3. Usijipime naye. Usiseme "zamani nilikuwa". Anza kama muntu mwenye hajawahi, na uanze kwa kitu kidogo mpaka ujisikie haya kukiita sipori. Nikisema kidogo nataka kusema dakika 10 za kutembea. Unavaa basiketi (tumagari utatutafutia boksi ingine), unatoka, unaenda dakika 5, unageuka, unarudia, umemaliza, unaoga unaenda kazi. Mara 3 kwa juma. Juma la tatu, ukiona iko rahisi mpaka inakuchosha roho, unatia kukimbia dakika moja katikati ya kutembea dakika 2, unarudiliaka hivyo mara 5 ao 6. Kipimo chako si saa, ni mdomo: ukiweza kuongea sentensi nzima uko sawa, ukiweza kuimba uko chini sana, ukishindwa kusema hata "jambo" kwa mama muuza mandazi, punguza. Utasema Yaya, dakika 10 zinafanya nini. Shirika la Afya Duniani linaomba muntu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa kati, yaani ule wa kutembea haraka, na siku 2 za kazi ya misuli, na zamani walikuwa wanasema isipofika dakika 10 mfululizo haihesabiwi, lakini toka mwaka 2020 waliondoa hiyo sharti, kila dakika inahesabiwa. Hata ile ya kushuka taksi vituo 2 kabla ya kazi ukamalizia na miguu. Na zile hatua 10,000 zenye telefoni yako inakudai kila siku usiziogope, hiyo namba ilitokea Japani mwaka 1965 pamoja na kamashini ka kuhesabu hatua kenye walikuwa wanauza, munganga hakuiandika ku karatasi yoyote.

Tuje ku hamu sasa. Wewe unaingojea ifike njo utoke. Mimi katika maisha yangu hamu ilinikuta kitandani labda mara 10, mara zote zingine ilinikuta barabarani, dakika ya 8 ao ya 10, jasho limeanza, nikashangaa kumbe najisikia vizuri. Kwa hiyo ile dakika ya kwanza usiiachie hamu, iachie mazoea. Kuna mwanasaikolojia mmoja Mjerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kuhusu jambo lenye linaonekana la kitoto: muntu mwenye anasema tu "nataka kufanya sipori" na muntu mwenye anasema "nikimaliza kupiga mswaki navaa basiketi natoka kwa mlango wa nyuma", wa pili ndiye anafanya mara nyingi zaidi, juu asubui hana kitu cha kuamua, ameshaamua jana. Asubui ya saa 11 na nusu si saa ya kuamua kitu, hasa ya muntu mwenye watoto wachanga. Basiketi zikae ku mlango, soksi ndani, nguo juu ya kiti. Na hizo video uzizime ulale, mudogo wangu, motivasio ya kwanza ya baba wa mapacha ni masaa ya kulala. Kama usiku ulikuwa wa vita kweli, wote wawili walilia mpaka alfajiri, basi siku hiyo ni dakika 5 kuzunguka karitie, ao hakuna kitu, na kesho yake unaendelea bila kujihukumu.

Hapa pa "kesho yake unaendelea" nitakaa kidogo maana njo pale ulianguka. Angalia barua yako, hukuacha sipori, ulipumzika juma moja. Wengi wanaaminiaka ya kwamba siku 21 zinatosha kitu kuwa mazoea, na kwamba ukikosa moja umeharibu yote. Watafiti wa University College London waliwafuata watu 96, wakatoa majibu mwaka 2010, wakaona katikati ni kama siku 66, wengine 18 tu, na kwa wengine hesabu ilifika mpaka 254. Na muntu mwenye alikosa siku moja hakuharibu kitu chochote cha maana, aliendelea pale pale. Kwa hiyo shida haikuwa baridi wala malaria, malaria unalala, unameza dawa, unangoja nguvu zirudi, ndivyo inapaswa. Shida ni kwamba hukujiambia siku ya kurudia. Muntu akisimama, aseme hapo hapo: narudia tarehe fulani, kwa dakika 10.

Na hali ya hewa ya kwetu unaijua, usijifanye mgeni. Sasa tuko ndani ya mvua, mvua kubwa inapendaka kushuka mchana na jioni, kwa hiyo asubui ni yako. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi itarudi, alfajiri inaweza kushuka chini ya digrii 10, basi badilisha saa mapema, hamia saa 10 ya jioni jua lingali na moto, siku za kazi tembea ukitoka kazini, siku ya posho chukua yule mkubwa wako mwenye tumagari mtembee wote wawili. Mwezi wa 9 na wa 10 joto na vumbi, unarudia alfajiri. Mimi naona watu wengi hapa Lubumbashi wanapanga sipori kama vile mwaka uko na majira moja tu, kisha baridi inakuja kama mwizi. Pita avenyu za ndani, barabara za malori achana nazo, vumbi na moshi unavuta kwa mdomo wazi, na kama kungali giza vaa kitu cheupe, ma-shofa wetu unawajua.

Ku sale usirudie kulipa kwa sasa. Mimi mwenyewe nililipa moja miezi 6 (jina nitanyamaza, kosa lilikuwa langu si lao), nilienda mara 6, na mara 2 kati ya hizo nilienda kuoga maji ya moto tu. Pesa yenye ulishalipa inauma lakini haisukumi muntu, inaongeza aibu, na aibu unayo ya kutosha. Kazi ya misuli ifanyie ku nyumba: kukaa na kusimama ku kiti mara 10, kusukuma ukuta ao ardhi, kubeba bidoni ya maji mkono huu na huu. Mapacha nao ni kilo, na kila mwezi wanaongezeka.

Kabla ya kuanza kukimbia, si kutembea, kukimbia, pita ku santi yenye iko karibu wakupime tansio. Miaka 38, kazi ya kukaa, kilo 9 ndani ya miezi 8, ni vizuri kujua, zaidi kama papa ao mama wako na tansio ao sukari. Na kifua kikibana, ao kichwa kikizunguka, unasimama hapo hapo na unaenda kumuona munganga, hakuna kusema nitamalizia hii mzunguko. Kuhusu kilo zenyewe sipori peke yake itazishusha polepole sana, bukari ya saa 3 ya usiku ni mazungumzo yako na bibi yako, mimi sitaingia.

Nirudie ku rido. Ulisema wanapita wakienda na wakirudia. Basi usiende nao. Andikia mmoja tu wa ekipe, ule mwenye hana mdomo mrefu, umwambie ukweli kwa mstari mmoja: nimekaa miezi 8, naanza kwa kutembea, kati ya juma tunaweza kwenda pamoja? Watu wa ekipe zile wengi walishaacha na kurudia mara 2 ao 3, ila kwa sababu uliwaona siku zenye walikuwepo unafikiri hawakukosa hata moja. Kisha juma la nne ao la tano, siku ya Mungu, lala mpaka usikie wanarudia. Wakati huo wamechoka, wanakimbia polepole, nyimbo zimeanza kupungua sauti. Toka, ingia nyuma ya mstari, maliza nao kile kipande cha mwisho, hata kama ni mita 500. Watakupigia makelele, vumilia, ni dakika 2. Juma lenye linafuata uwangojee avenyu moja mbele zaidi. Hivyo hivyo unaongeza kwa nyuma, kilometa ya mwisho, 2 za mwisho, mpaka siku moja utaanza nao pale wanaanzia. Hautakuwa umeachwa nyuma hata siku moja, juu kila mara unaingia wakati wao wameshachoka na wewe uko mzima. Ni ujanja kidogo, ndiyo, lakini miaka yangu hii nimeruhusiwa.

Niandikie tena mwezi wa 6, baridi ikiingia.

Yaya, miye nauzisha ku soko ya Kenya ya hapa Lubumbashi, niko na miaka 45, nasimama toka asubui mpaka jioni, nabeba mifuko, narudia nimekufa. Binti yangu anasema nifanye sipori. Kweli na hii kazi yote bado nafanya sipori?
Mama wa soko, commune ya Kenya

Mama, binti yako ana nusu ya haki. Kubeba mifuko ni kazi ya misuli kabisa, ihesabie. Kusimama pale pale masaa 10 lakini si mwendo, moyo haupandi, damu inakaa ku miguu, njo unarudia imevimba na mgongo umekatika. Usitafute saa ingine ya sipori, huna. Ile njia ya kurudi nyumbani, kama huna mzigo, itembee haraka mpaka pumzi ibadilike kidogo, na ku meza yako kila saa panda juu ya vidole vya miguu ushuke, mara 15, hakuna mteja mwenye ataona. Mfuko ukiinua kunja magoti, usiinamishe mgongo. Miguu ikiwa inavimba kila siku mpaka asubui haijashuka, hiyo si uchovu tena, nenda wakuangalie.

Yaya, ni kweli ukikimbia na sashe ya plastiki kwenye tumbo, chini ya puluva, tumbo inaisha haraka? Nimepoteza kilo moja na nusu siku moja!
Kijana, Kampemba

Ulipoteza maji, mtoto wangu. Kunywa litri moja na nusu, panda tena ku mizani, uone vile zinarudia zote bila hata kuchelewa. Mafuta ya tumbo hayatokaka kwa jasho, na mwili wenye umefungwa plastiki hauwezi kujipoza, mwezi wa 10 na lile joto letu unaweza kuanguka barabarani. Iyo sashe mrudishie mama yako, bila shaka anaitafuta.